Kreni Anapimwa

Mlinzi wa kliniki alimuuliza shemeji yangu kama amepoteza kitu, maana alikuwa amekizunguka chumba cha mapokezi mara nyingi kuliko ufagio.

"Sijapoteza kitu," shemeji akajibu.

"Basi keti, kaka. Unanitia kizunguzungu."

Akaketi. Kiti kikalia. Akasimama, akaenda kusoma tangazo la chanjo ya watoto, akalisoma lote, akarudi, akaketi, kiti kikalia tena. Mama mmoja aliyekuwa pembeni akahamisha mkoba wake kiti cha pili, kwa usalama.

Huyu ni mume wa dada yangu, na mtaani wote wanamwita Kreni. Ana jimu. Mikono yake ni kama mapaja ya watu wengine, na mapaja yake sijapata cha kuyafananisha nacho. Suruali zake anashonewa na dada, dukani hazipo. Mimi ni kinyozi. Kibanda changu na jimu yake vinachangia ukuta mmoja, kwa hiyo akidondosha vyuma vyake mashine yangu inaruka, na mteja anatoka na mtindo ambao hakuuagiza.

Nilikuwa pale kwa amri ya dada. "Nikienda naye mimi," alisema, "atanitazama kwa huruma na nitamrudisha nyumbani. Nenda naye wewe. Wewe huna huruma."

Sasa niseme tulichofuata. Dada na Kreni walikuwa wameoana miaka ya kutosha mtoto kuwa anakwenda shule na kupoteza penseli. Mtoto hakuna. Na kwa kuwa mtoto hukaa tumboni mwa mwanamke, watu wote waliamua tatizo nalo linakaa humohumo. Dada akapimwa damu, homoni zake zote zikaitwa kwa majina, zote zikaitika. Akapimwa ovari: zinapevusha yai kila mwezi, hazina hitilafu. Akapelekwa kupigwa ile picha ya mirija ya uzazi, ambayo mtu anasukumiwa dawa kupitia mlango wa kizazi ili ionekane inakopita. Alirudi amejikunja kama panga la kufyekea, hakuongea mpaka kesho yake. Mrija wa kulia wazi. Wa kushoto picha haikutoka vizuri. Basi ikaamuliwa apasuliwe, waingie wakautazame wenyewe.

Halafu kuna bi mkubwa, mama yake Kreni. Anapiga simu kila Jumapili. Anaulizia mvua, anaulizia kazi, kisha anashusha sauti: "Na kule?" Kule ni tumbo la dada yangu. Siku za karibuni alikuwa ameanza kumtaja binti fulani wa jirani yake, mpole, ana mapacha kwenye ukoo.

Aliyeharibu mipango ni daktari wa upasuaji mwenyewe. Alipokuwa anapitia vipimo vya dada akauliza, "Na mume?"

"Mume mzima," dada akasema.

"Nani kasema?"

"Yeye mwenyewe."

"Alijipima na nini?"

Daktari akasema kisu chake hakigusi tumbo la mtu mpaka mume alete kikopo.

Kreni aliposikia habari ya kikopo akacheka, kisha akanuna, kisha akawa na wageni jimu wiki nzima. Dada akamngoja amalize visingizio vyote. Akamwambia mbele yangu, huku anapinda suruali ya mteja, wala hakunyanyua macho kwenye cherehani: "Mimi wamenilaza, wamenitanua, wamenisukumia dawa mpaka nimeona nyota mchana. Wewe unaombwa kikopo. Ukitaka nipasuliwe hivihivi, sawa, nitapasuliwa. Ila nikitoka hospitali sitarudi hapa. Nitarudi kwetu."

Kwa hiyo Kreni akaja.

Mtu wa maabara alikuwa kijana mwembamba mwenye miwani, anaongea kama anayetangaza kuondoka kwa basi. "Kaka, kikopo hiki. Usimwage, hasa mwanzo. Chumba kile pale."

Kreni akaingia. Kabla sijakaa vizuri kichwa chake kikatokeza mlangoni.

"Shem. Ukutani kuna picha ya mwanaume. Amekatwa katikati kama tikiti, mirija yote nje."

"Igeuze."

"Imepigwa misumari."

"Fumba macho basi."

"Na mlango haufungi."

Nikaenda kusimama mlangoni kama askari wa benki. Bibi mmoja akaja na fimbo yake, akauliza kama hicho ni choo.

"Hapana, bibi. Kuna fundi ndani."

"Anatengeneza nini?"

"Bado anajaribu."

Bibi akanitazama, akautazama mlango, akasema mafundi wa siku hizi wanapenda sana kujifungia, akaenda zake.

Kreni alipotoka alikuwa mtu mwingine. Kikopo amekifunika kwa kitambaa, kifua mbele, anatembea kama aliyebeba kombe. Akamwambia yule kijana, "Andaa hadubini kubwa." Kijana akakiinua kwenye mwanga, akaandika, akaingia ndani. Na Kreni akaanza tena kuzunguka, ila sasa kwa furaha, ananiambia jina la mtoto, ananiambia atamjengea kifaa kidogo cha kunyanyua vyuma, ananiambia nitamnyoa bure.

"Bure mpaka lini?"

"Mpaka aoe."

Dada akafika akitokea kazini, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Tukaitwa. Mimi nikabaki nje kama heshima inavyotaka, lakini Kreni akanikamata mkono. "Ingia, shem. Mimi nikisikia neno la kidaktari masikio yanaziba."

Daktari wa pale kliniki alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, asiye na haraka hata kidogo, jambo ambalo lilimtesa Kreni zaidi. Akapanga karatasi. Akavua miwani. Akavaa miwani.

"Hatukuona hata moja," akasema.

"Moja nini?" Kreni akauliza.

"Mbegu."

"Mmeangalia vizuri?"

"Tumeangalia. Tukazungusha kwenye mashine ili kilichomo kituame, tukaangalia kilichotuama. Hakuna."

Kreni akageuka kwangu, kana kwamba nimezificha. "Lakini daktari, kikopo kilikuwa na kitu. Huyu kijana wako kakiona!"

"Maji yalikuwepo. Sehemu kubwa ya yale maji inatoka kwenye vifuko vya shahawa na kwenye tezi dume. Mbegu zinatoka kwenye korodani, zinakomaa kwenye mrija uliojiviringisha nyuma yake, ndipo zinapanda kukutana na hayo maji. Kwa macho huwezi kujua kama zimo au hazimo."

"Yaani basi limefika," nikasema, "ila halina abiria." Nilitaka kusaidia. Dada akanikanyaga.

"Ni hivyo," daktari akasema.

Dada alikuwa ameitazama sakafu. Hakumtazama mumewe. Kreni akavuta kiti, akakisukuma, akavuta tena. "Mimi ni mzima, daktari. Kila kitu kinafanya kazi. Muulize mke wangu."

"Niulizwe nini?" dada akasema, macho bado sakafuni.

"Nguvu zako sina shaka nazo, baba. Nguvu ni jambo moja, mbegu jambo jingine. Twende nyuma ya pazia nikupime."

Pazia likavutwa. Tukasikia mkanda, tukasikia kitanda kikiomba msaada. Kisha sauti ya daktari: "Zilikuwa hivi tangu zamani?"

"Zipi?"

"Korodani. Ni ndogo, na laini."

Kitanda kikalia tena.

"Nilidhani ni mapaja yamekua," Kreni akasema.

Mwenzenu nilijiuma shavu mpaka nikaonja damu. Dada naye mabega yalitikisika, ila sijui kwa nini yalitikisika, na sikuuliza.

Walipotoka daktari aliketi, akachukua kalamu, hakuandika. "Huko jimu unatumia nini?"

"Mayai. Kuku."

"Na nini?"

"Maziwa."

"Na nini?"

Kreni akajikuna kisogo. "Vitamini."

"Za kumeza?"

"Za sindano."

Dada akainua uso. "Zile chupa ndogo za kabatini? Nyuma ya viatu?"

"Ndizo."

"Zimeandikwa nini?" daktari akauliza.

Na Kreni, ambaye masikio yake huziba kwa maneno ya kidaktari, akalitamka neno zima bila kukwama hata silabi moja: "Testosteroni."

Daktari akaiweka kalamu chini. Akamwonyesha kwa kidole katikati ya paji lake la uso. "Huku nyuma, chini ya ubongo, kuna tezi ndogo kama punje ya njegere. Kazi yake moja ni kutuma homoni mbili mpaka kule chini. Moja inaziambia korodani zitengeneze testosteroni yake. Ya pili inazihimiza kulea mbegu. Umewahi kuona boya la tangi la maji?"

"Nimelifunga mwenyewe jimu."

"Tangi likijaa?"

"Boya linapanda, maji yanajifunga."

"Basi wewe umekuwa unajaza tangi kwa ndoo. Damu yako imejaa testosteroni ya chupa. Ile tezi inaona kumejaa, inafunga. Hakuna homoni inayoshuka. Korodani hazipati amri, zinaacha kutengeneza ya kwake, na mbegu haziwezi kulelewa na ya chupa peke yake. Zinahitaji ile inayopikwa humohumo ndani, kwa wingi. Hazipati. Zinalala. Zinasinyaa."

Kreni alikuwa ametulia sasa. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuna kilichotikisika mwilini mwake. "Na mtu akiongeza dozi?" akauliza taratibu.

"Uliongeza?"

"Mwaka huu. Niliona mtoto haji. Nikasema labda nguvu hazitoshi."

Hakuna aliyecheka. Hata mimi, ambaye nimewahi kufukuzwa msibani.

Dada akauliza kwa sauti ndogo, kama anauliza kipimo cha kiuno: "Kwa hiyo mimi nikiwa nimelala kwenye ile meza, wewe ulikuwa unajichoma sindano?"

"Nilikuwa nakusaidia," akasema Kreni.

Dada akasimama, akatoka. Alisahau mkoba, nikamfuata nao. Nilimkuta amesimama nje, anavuta futi yake huku na huku shingoni, huku na huku, kama anajaribu kuona itakatika wapi.

"Mjinga yule," akasema. "Angekuwa mwovu ingekuwa rahisi."

Upasuaji ukaahirishwa. Kreni akaapa kuacha siku ileile, na daktari akamwambia kuacha si kazi, kazi ni kukaa umeacha. Asipotee, aje apimwe damu kila atakapoitwa. Mbegu, toka inapoanza mpaka iwe tayari, hula karibu miezi mitatu, na hiyo ni baada ya tezi kuamka, nayo inaweza kuchukua muda zaidi ya huo. Pengine watahitaji dawa ya kuiamsha. "Na wengine," akasema, "hazirudi zote. Sikupi ahadi."

Dada hakurudi kwetu. Lakini alihamishia cherehani chumba cha pili, na mto wake ukafuata cherehani.

Sasa sikilizeni nyumba ilivyokuwa. Mwili wa Kreni ulikuwa hauna testosteroni ya chupa, na ya kwake bado haijaanza kazi. Akawa anatokwa jasho amekaa. Usingizi ukamkimbia. Alihamisha kabati toka ukuta huu mpaka ule, kesho yake akalirudisha. Alifungua bomba za nyumba nzima na kuzifunga upya. Tangazo la sabuni kwenye televisheni, mtoto anaogeshwa, likamtoa machozi. Akasema ni vumbi, tukakubali ni vumbi. Fulana zikaanza kumpwaya. Jimu wakaanza maneno: "Kreni, leo unanyanyua vya akina mama?" Wawili wakahamia jimu nyingine. Mimi mwenyewe utani ulinikauka mdomoni, maana mtu ambaye akitaniwa anakutazama tu bila kujibu, huo si utani tena.

Jumapili moja bi mkubwa akapiga. Mvua. Kazi. "Na kule?"

Dada akanyoosha mkono kutaka simu, kama kawaida, akapokee lawama zake. Kreni hakumpa.

"Mama," akasema, "kule kuko salama. Tatizo liko huku."

"Huku wapi?"

"Huku kwangu. Nimepimwa. Mbegu hakuna."

"Mtandao unakatika," bi mkubwa akasema, kwa sauti iliyokuwa inasikika vizuri kabisa, na simu ikakatwa. Jumapili iliyofuata aliulizia mvua tu. Alikuwa na maswali mengi sana kuhusu mvua.

Usiku wa ile simu ya "huku kwangu" mto wa dada ulirudi. Cherehani ilibaki.

Lakini kipimo cha kwanza baada ya kuacha kilitoka vilevile: hakuna. Daktari akaongeza dawa ya kuigutua ile tezi, akasema subira. Neno subira kwa Kreni ni sawa na kumwambia samaki avae soksi.

Siku chache baadaye, adhuhuri, jimu haina watu, nikashangaa ukuta wangu umekuwa kimya. Nikaenda kuchungulia. Kreni amekaa kwenye benchi, pembeni yake chupa ndogo kama zile za kabatini, na bomba la sindano bado limo kwenye karatasi yake.

"Umeitoa wapi?"

"Jamaa mmoja kaniletea." Wala hakuificha chupa. "Kidogo tu, shem. Nusu. Nijisikie mtu siku mbili tatu. Haiwezi kuharibu, nusu."

Ningemwambia habari ya boya, lakini boya analijua kuliko mimi. Ningemwita dada, lakini dada angemaliza ndoa pale pale kwenye mashine ya kukimbilia. Nikakaa karibu yake. Nikalegeza mkanda, nikashusha suruali upande mmoja, nikamgeuzia.

"Unafanya nini?"

"Wewe hiyo utaipoteza bure. Nichome mimi. Na mimi nitoke kifua, wateja waache kuniita Kijiti."

"Pandisha suruali."

"Nusu tu, shem. Haiwezi kuharibu, nusu."

"Pandisha suruali, nimesema! Wewe hujaoa, huna hata mchumba, unataka ziozee humo kabla hata hujazitumia? Unajua ninavyolala? Unajua kinachonipitia kichwani alfajiri? Nikikuona na chupa hii nitakuvunja huu mkono!"

Alikuwa amesimama, mishipa imemtoka shingoni. Kisha akajisikia mwenyewe. Nilimwona anajisikia. Akaitazama chupa mkononi mwake. Akaenda nayo nyuma, kwenye karo la kuoshea, na nikasikia kioo kikigonga saruji. Aliporudi alinipiga kofi la tako, la nguvu kweli, nikakaa upande kwa muda.

"Kijiti kweli wewe," akasema. Lilikuwa tusi lake la kwanza tangu aache sindano. Nililipokea kama mshahara.

Kipimo kilichofuata tulikwenda wote watatu. Mlango wa kile chumba ulikuwa umewekwa kitasa, sikuhitajika. Tukaketi mapokezi. Dada alikuwa amekuja na suruali ya mtu, anaitia vifungo kwa mkono, na sindano yake ilikuwa inakosea tundu. Kreni anatikisa goti, benchi lote linatikisika, sote tunatikisika pamoja naye. Watu waliokuja baada yetu wakaitwa, wakaondoka. Daktari alipita na kikombe chake, hakutuangalia. Dada akaacha kushona.

Kisha mlango wa maabara ukafunguliwa na yule kijana wa miwani akatokeza, glovu mkononi.

"Hii siruhusiwi," akasema. "Njooni haraka."

Chumba chenyewe kidogo. Kreni akaingia kwa ubavu. Kijana akamwonyesha hadubini, Kreni akainama juu yake kama twiga anayetaka kunywa kwenye kikombe. Hakuweza kufumba jicho moja. Akafumba yote mawili.

"Sioni kitu."

"Fumbua, kaka."

Akafumbua. Mgongo wake mkubwa ukakaza. Kisha akasema kwa kunong'ona, kama kuna mtu amelala, "Anatembea."

"Wapo wachache," kijana akasema. "Wachache sana, nisikudanganye. Wengi hawasogei. Hesabu ya mimba bado iko mbali. Ila mara ya kwanza hapakuwa na mmoja, na mara ya pili hapakuwa na mmoja."

"Ondoka nione," dada akasema, na akamsukuma kwa nyonga. Jitu lile likaondoka bila ubishi, likaenda kusimama ukutani, mikono limekosa pa kuiweka.

Dada akaweka jicho. Ni mtu wa kutazama vitu vidogo, kazi yake yote ni matundu ya sindano; alijua kutulia. Vidole vyake vilishika ukingo wa meza.

"Yuko wapi... ah. Mbona anazunguka pale pale?"

"Ndiyo kwanza ameamka," kijana akasema.

"Ana mkia mrefu."

"Ndio injini yake."

Nje mtu akagonga akiulizia majibu yake ya mkojo. Hakuna aliyemjibu. Kreni alikuwa ameacha kupumua, mimi nilikuwa nimeacha kupumua, na hata kijana, ambaye kwake hawa ni kazi ya kila siku, alikuwa amevua glovu moja na kusahau nyingine.

"Amesimama," dada akasema.

Hakuinua uso. Tulingoja. Mtu wa nje akagonga tena.

"Ngoja," akasema. "Ngoja kwanza. Ameanza tena."